Muziki wetu ulifika kwa treni

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa harakati na wakaaji wa komini Kenya, Lubumbashi



Waliniomba niseme dakika makumi mbili juu ya safari na muziki, namna vitu hivi viwili vinaunganisha watu. Kamaradi mumoja aliniambia: "Wewe ulisoma historia, tena uko shomeri, kwa hiyo wakati unao." Anasema kweli. Nina lisansi tangu miaka miwili, na kazi sijapata. Wakati ninao. Niliutumia kwa kuuliza wazee, kusoma, na kuzunguka pale franga iliniruhusu. Leo nataka kuwaambia kitu kimoja tu, na nitakirudilia mpaka mutachoka: hapa Katanga, ile tunaita "yetu", luga yetu, muziki wetu, karibu yote ilifika kwa njia. Ilifika juu ya mabega ya watu, ndani ya kamio, ao kwa treni. Mutu anayefukuza mugeni ku gare anafukuza paka mwanzo wake mwenyewe.

Najua wengine wanasema ndani ya roho: "Inchi iko mu vita, bei ya unga inapanda, na nyinyi muko na gitari?" Ni ulizo la haki. Lakini muangalie simu zenu. Kila mara treni ao makamio yanafika hapa na watu wengi kutoka Kasai, hazipite saa mbili, maneno yameanza kuzunguka: "Wanatuvamia. Wanamaliza kazi yetu. Bakuyakuya warudi kwao." Na mara nyingi maneno hayo yanawekwa juu ya wimbo, yapate kuingia muzuri mu kichwa. Basi chuki nayo inajua kupiga gitari. Kwa hiyo jambo hili si la kucheza tu. Ni jambo letu, sisi wanainchi.

Luga ilitembea kwa miguu

Tuanze na luga hii ninayosema. Kiswahili hakikuota hapa. Mbele ya reli, wachuuzi walikuwa wanatembea kwa miguu toka pwani ya bahari, wanapita Tabora, wanaendelea mpaka huku, wakitafuta shaba na pembe za tembo. Mumoja wao alikuwa mutoto wa muchuuzi wa shaba kutoka Unyamwezi, inchi ambayo leo iko Tanzania. Jina lake Msiri. Alibaki huku, akajenga Bunkeya, akawa mwami wa Garenganze, na watu wake njo wale tunaita Bayeke. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, wakati musafara wa Stairs ulikuja kuchukua inchi kwa jina la Leopold wa Pili.

Sisemi kwamba Msiri alikuwa mutakatifu. Biashara yake ilikuwa na watumwa ndani, na watu wa inchi hii waliumia. Si kila safari inaleta urafiki, tusidanganyane. Lakini ninauliza: leo nani Katanga anaweza kumuambia Muyeke kwamba si mwenyeji? Hakuna. Na babu zake walitoka mbali kuliko Mwene-Ditu.

Kisha reli. Reli ilifika hapa 1910, ikitokea kusini, inchi ya Rhodesia, na muji huu ulizaliwa mwaka ule ule kwa jina la Elisabethville. Union Minière, iliyoanzishwa 1906, ilikuwa na shaba chini ya udongo lakini haikuwa na mikono ya kutosha. Ikatafuta watu Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland, Angola. Miaka ya 1920 ikaenda kuwatafuta mpaka Ruanda-Urundi, tena Lomami na Kasai. Mwaka 1928 reli ya BCK iliunganisha Katanga na Port-Francqui, ile leo tunaita Ilebo, ikipita katikati ya Kasai. Tangu siku ile mutu wa Kasai aliweza kupanda treni kwao na kushuka hapa. Hakuingia kwa dirisha. Aliitwa. Aliandikwa mu kitabu cha kampuni, akapewa nyumba mu kambi, akapewa posho. Wazee wetu bado wanasema "siku ya posho" kwa siku ya sita ya juma, na ile mezali tunaijua wote: kazi njo baba, njo mama.

Sasa mufikiri kambi ile. Mubemba huku, Muluba wa Kasai kule, Muluba wa Katanga pembeni, Musongye, Mulunda, Munyarwanda. Ukuta kati ya nyumba na nyumba haukuzuia sauti. Watapatana kwa luga gani? Kampuni ilichukua Kiswahili kuwa luga ya kazi, na watoto wa kambi wakakifanya kuwa luga ya mama. Kiswahili chetu cha Lubumbashi, ambacho watu wa Dar es Salaam wanakicheka kidogo, njo kitoto cha watu waliotoka pahali makumi na wakaamua kusikilizana. Hakuna kabila linaloweza kusema: hii ni yangu peke yangu.

Gitari ya Jadotville

Na muziki? Vile vile. Gitari si chombo cha babu zetu. Ilifika kwa njia ya biashara, mufanyakazi akainunua kwa mushahara wake, akakaa mbele ya nyumba jioni, mwenzake akagonga chupa kwa kushika mwendo. Mutu huyu alitaka kupiga kalimba ya kwao, nyimbo za kwao, lakini mikono yake ilikuwa juu ya gitari. Akatafuta namna. Kidole gumba kinapiga chini, kidole cha shahada kinapiga juu, na unasikia kama watu wawili wanazungumuza.

Kati yao alikuwa kijana mumoja, Muyeke, aliyezaliwa Bunkeya 1930: Jean Bosco Mwenda. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeikala Afrika ya Kusini na aliyezunguka Afrika akikamata sauti za watu, alimukuta Jadotville, ile leo inaitwa Likasi, akamurekodi. Wimbo "Masanga" ukatoka ku diski, na diski ikatembea kuliko mutu. Vijana wa Kenya, inchi ya Kenya nasema, si komini yetu, waliweka sikio ku diski ile na kujifunza vidole vile viwili. Kisha Mwenda mwenyewe akaenda Nairobi. Mwaka 1969 alipiga gitari yake mpaka Newport, Marekani. Alikufa 1990 kwa ajali ya gari Zambia, katikati ya safari. Edouard Masengo naye alifanya safari ya Nairobi, yeye aliyetoka mu kundi la Jecoke, Jeunes Comiques de la Kenya. Sasa ninasema komini yetu, hii hii tunayokanyaga.

Muone basi ile muviringo. Mutu ambaye babu zake walitoka upande wa Tabora anachukua chombo cha Wazungu, anaimba kwa luga iliyotoka pwani, mu muji wa mugodi, na muziki wake unarudi mashariki, pale luga ilitoka. Kule hawakumuuliza karatasi ya kabila. Walisikia Kiswahili, wakasikia vidole, wakasema: huyu ni wetu.

Wale waliobaki Nairobi na Dar es Salaam

Miaka ya 1960 na 1970 orkestra nyingi za Katanga zilichukua njia hiyo. Baba Gaston alitoka huku na orkestra yake, akapita Dar es Salaam, akaikala Nairobi. Mpaka leo Wakenya hawawezi kufanya Noeli bila "Kakolele Viva Christmas" yake. Maquis du Zaïre walitoka Katanga wakafika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970. Remmy Ongala hakuwa wa Katanga, alizaliwa upande wa Kindu 1947, lakini njia ni ile ile: alifika Dar es Salaam 1978, akaimba kwa Kiswahili juu ya maisha ya masikini na juu ya kifo, mpaka watu wakamuita Dokta. Alifariki 2010. Nenda leo Dar es Salaam, panda otobisi, utasikia kondakta anaita kituo cha Sinza "kwa Remmy". Mukongomani aliyekwenda bila kitu, leo watu wa Dar wanashuka ku jina lake wakirudi nyumbani.

Tena kuna Super Mazembe. Si ile ya mpira, wandugu, mutulie. Orkestra hii ilianza hapa Lubumbashi mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa jina la Super Vox, ikapitia Zambia na Tanzania, ikafika Nairobi 1974. Wimbo wao "Kasongo" unajulikana: muke anamuita bwana yake arudi nyumbani. Umeimbwa kwa Lingala. Wakenya wengi hawasikii Lingala hata neno moja, na wanauimba wote. Na mwanzoni mwa 2025, vijana wa Kenya, wale walioingia barabarani 2024 kwa kukataa kodi, walichukua jina hilo na kumupa prezidenti wao, William Ruto. Wimbo wa watu wa Lubumbashi ukakuwa mudomo wa vijana wa Nairobi, miaka karibu makumi tano nyuma. Wazee wale wa Super Mazembe wangeweza kufikiri hivyo? Sizani.

Nauliza basi: ni nini iliyounganisha? Watu wanapenda kusema "muziki ni luga ya dunia". Mimi sikubali sana. Sauti peke yake haikutosha. Wapigaji hawa walibaki miaka na miaka. Walijifunza namna Wakenya na Watanzania wanapenda kucheza. Waliweka Kiswahili ndani ya nyimbo za Lingala. Walichukua vijana wa kule kuwa wapigaji wenzao, waliolewa na kuoa kule, walilipa nyumba, waligombana na wenye nyumba. Na wenyeji nao walifungua mulango, walilipa tikete ya kuingia dansi, walipokea sauti mupya na kuigeuza. Mugeni alibadilika, mwenyeji alibadilika. Pale pande moja tu inaombwa ibadilike, hakuna kuungana. Kuna kumezwa.

Na hatuna lazima ya kwenda mbali. Muangalie karindula: pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi, muti murefu, nyuzi nne. Vijana wa kartie zetu wanaipiga mpaka vumbi inapanda. Vuka Kasumbalesa, uko Zambia: kule wanasema kalindula. Herufi moja tu inatenganisha. Mupaka ule Wazungu waliuchora juu ya karatasi, lakini ngoma haikuuona.

Treni ile ile

Sasa ninafika pahali pazito, na ninaomba munisikilize mpaka mwisho.

Wazee walio hapa wanakumbuka 1992 na 1993. Wanasiasa walisimama mbele ya watu wakasema shida za Katanga zinatoka kwa ba-Kasai. Waliwaita "bilulu", wadudu. Wafanyakazi waliozaliwa huku, watoto wa wale walioitwa na kampuni, walifukuzwa mu manyumba ya kampuni Likasi na Kolwezi. Mamia ya maelfu ya watu. Walilala ku gare, mu baridi na mu mvua, juma kwa juma, wakingojea treni. Watoto walikufa kwa kuhara na njaa pale pale kando ya reli. Na treni iliyowachukua ilipita juu ya reli ile ile ya 1928.

Baba yangu ni wa Mitwaba. Mama ni wa Mwene-Ditu kwa kabila, lakini alizaliwa Likasi, na babu yake mumoja amezikwa Likasi. Familia yake ilipanda treni ile 1993. Walirudi miaka mitano nyuma, na mimi nikazaliwa Lubumbashi. Mama aliniambia jambo moja ambalo halinitoki: jirani waliokuja kuwatoa mu nyumba waliwajua kwa majina. Walikuwa wamecheza pamoja ku ndoa. Walikuwa wanapenda orkestra zile zile.

Basi muziki haukuwazuia. Tuseme kweli hii, kwa sababu tukiificha tutakuwa waongo. Mwaka 1960, wakati wa Meza ya Mviringo, wapigaji wa Kinshasa walikwenda Bruseli na kutunga "Indépendance Cha Cha". Ndani ya wimbo ule vyama vinatajwa pamoja, hata Conakat ya Katanga. Afrika muzima ilicheza. Tarehe 11 Julai mwaka ule ule Katanga ikajitenga, na damu ikamwangika. Wimbo muzuri haulindi inchi kama watu hawaulindi pamoja nao.

Kwa nini basi ninaendelea kusema juu ya muziki? Kwa sababu muziki unaacha ushahidi. Mwanasiasa akisema "hawa ni wadudu, hawakuleta kitu", sisi tunaweka wimbo. Tshala Muana, mwenye kujulikana kuwa malkia wa mutuashi, sauti ya Kasai mu dunia muzima, alizaliwa wapi? Hapa, Elisabethville, 1958. Alipokufa Desemba 2022, Kasai ililia na Lubumbashi ililia. Nani atamukata vipande viwili?

Nilipanda treni mimi mwenyewe, kwenda kuona mama mukubwa Mwene-Ditu. Mashine iliharibika mu pori, mbele ya Kamina, tukabaki pale siku mbili. Siku ya kwanza kila mutu alikaa na watu wake, juu ya mizigo yake. Kijana mumoja wa Kolwezi alikuwa anasema kwa nguvu, juu tusikie, kwamba ba-Kasai wanajaza kila pahali. Jioni ba-mama walioleta unga walianza kupika, na mumoja akaimba mutuashi ya Tshala Muana, polepole, akitwanga mwendo ku sufuria. Kijana yule wa Kolwezi alijua maneno yote. Yote! Tshiluba hasikie, lakini maneno alijua, kwa sababu mama yake alikuwa anaweka kaseti ile kila siku ya usafi. Ba-mama wakacheka, wakamuuliza: "Wewe unatufukuza na wimbo wetu uko mu kinywa chako?" Hakujibu. Walimupa chakula. Sisemi alibadilika. Kesho yake alisema paka kidogo, hiyo tu. Lakini alijua majina yao, na wao lake, na tuliposhuka alibeba muzigo wa mumoja wao. Bila treni ile kuharibika, na bila wimbo ule, wangekutana wapi?

Mutu asiyesafiri

Hapo njo jambo la siasa, wandugu. Chuki inakula vizuri pahali ambapo watu hawasafiri. Kijana wa Lubumbashi anajua ba-Kasai wanaoshuka hapa na njaa tu. Hajaona Mwene-Ditu, hajaona namna watu wanamupokea mugeni kule. Kijana wa Kananga anajua Katanga kwa hadisi za 1993. Na nani anaweza kwenda kuona kwa macho yake? Ndege toka hapa mpaka Kinshasa ni mamia ya dola. Barabara muzuri ya kufika kule hakuna. Treni inachukua siku ambazo hakuna anayeweza kuzihesabu mbele. Machi 2022, karibu na Lubudi, treni ya mizigo ilianguka pahali panaitwa Buyofwe. Watu zaidi ya 70 walikufa. Walikuwa wamepanda kwa kujificha juu ya mabehewa ya mizigo, kwa sababu njia ingine hawakuwa nayo. Wale hawakuwa wezi. Walikuwa wanainchi wanaosafiri ndani ya inchi yao.

Na kutoka nje je? Tangu 2015 pasipoti ya Kongo iliuzwa dola 185, kati ya pasipoti za bei kali mu dunia. Watu walipiga kelele, waandishi walifukua mambo, kisha bei ikashushwa. Muone kwamba kupiga kelele kunasaidia. Tangu Julai 2022 Kongo ni memba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Juu ya karatasi, njia ya Super Mazembe iko wazi kuliko wakati wa Super Mazembe. Lakini ndugu zetu wa Goma na Bukavu, tangu mwanzo wa 2025 miji yao ilipochukuliwa na M23, hata kufika Kinshasa imekuwa shida ya kufa. Pale vita inakata njia, inakata vilevile nyimbo. Mupigaji anapiga kwa woga, ao hapigi.

Na kuna bariere zingine zisizoonekana. Nilipeleka diplome yangu ku ofisi moja ya muji huu, jina silitaji. Bwana aliyenipokea hakufungua bahasha. Alisoma jina langu la mama ku karatasi, akaniuliza: "Wewe ni wa wapi sawasawa?" Nikamujibu: wa Katuba. Akasema: "Hapana, wa wapi kweli?" Ulizo hilo wengi wenu munalijua. Wengine wanaulizwa juu ya jina, wengine juu ya sura, wengine juu ya sauti. Nataka siku moja mutu akiulizwa hivyo, wote walio mu chumba wajibu pamoja naye: ni wa hapa.

Tunachotaka kufanya

Sitaki tuondoke hapa na maneno matamu tu. Tulizungumuza mu kamati, na tunawaletea mambo matano. Muyakosoe, muongeze.

La kwanza: hatutacheza wimbo wa chuki. Hata kama gitari ni muzuri, hata kama mwimbaji ni rafiki. Ukiupokea ku simu, usiupeleke mbele. Ku ndoa, ku baa, muombe wabadilishe. Mwanasiasa anayelipa wimbo wa namna hiyo, tutamutaja kwa jina na kumuomba haki ya sheria imuhukumu.

La pili: tutakwenda ku gare. Treni ikifika na watu, vijana wa harakati watakuwa pale, na maji, na simu ya kuita jamaa za wasafiri. Anayekuja kuwaita wadudu atukute sisi tumesimama mbele. Bila fujo, bila jiwe, mikono mitupu kama kawaida yetu.

La tatu: safari za kartie kwa kartie, muji kwa muji. Kila mwezi kundi dogo litakwenda Likasi, Kolwezi, Kasumbalesa, Kipushi, na kulala mu nyumba za wenzetu, si mu hoteli. Wao nao watakuja kulala kwetu. Aliye na karindula ailete. Aliye na sauti tu, inatosha. Tutaanza na Likasi, kwa sababu ni rahisi kufika, na kwa sababu Likasi ina jambo la kutuambia.

La ine: tutakamata sauti za wazee. Wapigaji wa kambi wanaondoka mumoja mumoja, na Tracey hatarudi. Simu zetu zina uwezo kuliko mashine yake ya 1952. Kila mumoja wenu ana babu ao shangazi anayejua wimbo wa kambi. Muandike jina lake, muji alikotoka, treni aliyopanda. Siku mutu atakuja kusema nani ni mwenyeji na nani si mwenyeji, tutamupa asikilize.

La tano njo kubwa: tudai njia. Reli inayofanya kazi, barabara inayofika Kasai na Tanganyika, kumaliza bariere za kula franga ya wasafiri. Wengi wanafikiri barabara ni kwa ajili ya shaba na kobalti. Makamio ya shaba yanapita mchana na usiku mpaka Kasumbalesa, na sisi tunabaki kando tukila vumbi. Kutembea ndani ya inchi yako ni haki ya mwanainchi, si zawadi ya depite. Tutaandika barua kwa guverneri na kwa wadepite wa jimbo, na tutazipeleka kwa miguu, mchana, wote watuone.

Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo kati ya mali ya dunia, kwa maombi ya Kinshasa na Brazzaville pamoja. Tulifurahi sana. Lakini mali ya dunia inalindwa namna gani, kama mutu aliyeibeba analala ku gare, na jirani anamuita mududu? Muziki hauishi mu karatasi ya UNESCO. Unaishi pale mutu anaweza kusafiri, kufika, kupokelewa, na kukaa.

Nimesema nitarudilia mpaka mutachoka, na naona mumechoka. Ba-papa wa orkestra wanangojea, na mumoja kati yao alitoka Kasenga leo asubui na gitari mugongoni juu ya kinga ya rafiki yake. Mumupe kiti. Mumuulize jina. Kisha mutuletee majina yenu kwa safari ya Likasi, karatasi iko pale mulangoni.